Nyama ya Sokoni na Mstari Uliochomolewa: Usomaji wa Maandiko na Mabishano ya Kikristo Mpakani Tunduma

Mwanzoni mwa Aprili 2013 mji wa Tunduma uliingia kwenye vurugu kwa sababu ya nyama. Wakristo walitoka barabarani wakidai ruhusa ya kuchinja wenyewe wanyama wa kuuzwa buchani, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Miezi miwili kabla, ugomvi wa namna hiyohiyo huko Buseresere mkoani Geita ulikuwa umegharimu maisha ya mchungaji mmoja. Kwa miongo mingi nchi ilikuwa imeishi na desturi ambayo wengi hawakujua ilianza lini: nyama ya kuuzwa kwa watu wote ilichinjwa na Mwislamu, ili asiwepo mnunuzi wa kushindwa kuila. Viongozi wa Serikali walitaka desturi hiyo iendelee. Walioipinga walisema kuchinja kwa Kiislamu ni ibada, kwa hiyo Mkristo anayekula nyama hiyo anashiriki ibada isiyo yake, na wakafungua Biblia kuthibitisha.

Makala hii haikusudii kuamua nani alikuwa na haki mwaka ule. Inauliza Biblia ilifunguliwa vipi, na kwa nini kufunguliwa kwake kuliongeza moto. Swali hilo lina uzito wa pekee mahali kama Chapwa, moja ya kata za Halmashauri ya Mji wa Tunduma, katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Hapa Wanyamwanga na Wanyiha wanaishi pamoja na Wandali, Wanyakyusa, Wabemba wa ng'ambo na wageni walioletwa na barabara ya Zambia na reli ya TAZARA. Wakatoliki, Wamoravian, Walutheri, Wasabato na Wapentekoste wa kila jina wanakutana kisimani, sokoni na msibani. Familia moja inaweza kuwa na baba Mmoravian, mama aliyeokoka kwa Wapentekoste na binti aliyeolewa na Msabato. Ndugu hawa wakiketi kula, mjadala wa chakula, siku ya ibada au ubatizo haukosi mlango wa kuingilia.

Hoja ninayoitetea ni kwamba agizo la Mtume Paulo la kukwepa mabishano na agizo lake la kulitumia Neno kwa usahihi ni agizo moja. Katika sura ya 2 ya Waraka wa Pili kwa Timotheo yamekaa bega kwa bega: mstari wa 14 unakataza kushindania maneno, wa 15 unamtaka Timotheo awe mtenda kazi asiye na sababu ya kutahayari katika kulishughulikia neno la kweli, wa 16 unarudi kwenye maneno yasiyo na maana. Makanisa yetu yamezoea kuyatenganisha. Wapo wanaosoma kwa bidii ili wapate silaha, na wapo viongozi wanaotafuta amani kwa kuwafunga watu midomo. Wote wawili wamechukua nusu ya fungu.

Sura tatu na mistari miwili

Mjadala wa kuchinja, popote unapozuka, haukawii kufika kwenye Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Katika sura ya 10, mstari wa 25, Paulo anawaruhusu waumini kula chochote kinachouzwa sokoni pasipo kuulizauliza. Mistari mitatu mbele, wa 28, anasema mtu akikuarifu kwamba kitu hicho kimetolewa sadaka, usile. Anayeruhusu anasimama kwenye wa 25, anayekataza anasimama kwenye wa 28, na wote wameshika ukurasa uleule. Wakibishana hadi usiku wa manane hakuna atakayeshinda, kwa kuwa kila mmoja ana mstari.

Tusome yaliyo katikati. Mstari wa 26 unatoa sababu ya ruhusa: dunia na vilivyomo ni mali ya Bwana. Mstari wa 27 unabadilisha mahali: sasa muumini amealikwa nyumbani kwa mtu asiyeamini, na bado anaruhusiwa kula anachoandaliwa. Katazo la mstari wa 28 linahusu meza hiyo ya mwaliko, pale ambapo mtu ametamka habari za sadaka. Na mstari wa 29 unasema wazi kwamba dhamiri inayolindwa ni ya yule aliyetamka, wala si ya mlaji. Nyama haikubadilika kwa sababu imetajwa. Kilichobadilika ni kwamba mezani yupo mtu anayeweza kukwazwa, na tangu hapo swali la chakula limekuwa swali la jirani.

Hata hapo bado tumesoma kipande tu. Hoja ya Paulo inaanza sura ya 8 na kumalizika mwanzoni mwa sura ya 11, na ndani yake kuna mazingira matatu yasiyofanana. Kuna kuketi kwenye karamu ya hekaluni, jambo analolikataza kwa ukali katika 10:14 hadi 22 kwa sababu ni kushiriki meza mbili. Kuna kununua sokoni, ambako anaruhusu. Kuna mwaliko wa nyumbani, ambako anaruhusu kwa sharti. Katikati imewekwa sura ya 9, ambayo wahubiri wengi huiruka wakidhani Mtume ameacha mada. Anaorodhesha haki zake, ya kula na kunywa, ya kuwa na mke safarini, ya kutunzwa na wale anaowahubiria, kisha anasema ameziacha kwa hiari ili asiiwekee Injili kizuizi. Sura hiyo ndiyo mhimili wa nyingine mbili. Pasipo hiyo, sura ya 8 inabaki kuwa ushauri wa kuwahurumia wanyonge, na ya 10 inabaki orodha ya ruhusa na makatazo.

Sasa turudi buchani. Mnyama amekaguliwa na mkaguzi wa nyama, mzoga una muhuri wa wino pajani, umetundikwa kwenye ndoano, na muuzaji anakata nusu kilo na kuiweka kwenye mizani. Kati ya mazingira matatu ya Paulo, hili ni soko. Hakuna aliyealikwa kwenye meza ya ibada. Nyama nyingi ya sokoni Korintho ilipitia mahekaluni, na Paulo alijua hilo alipoandika kwamba wasiulize. Kwa hiyo anayesema Maandiko yanamkataza Mkristo kununua nyama iliyochinjwa na Mwislamu amechomoa mstari wa 28 kutoka kwenye nyumba ya mwenyeji na kuupeleka sokoni, mahali ambapo Mtume hakuuweka.

Usomaji huohuo, hata hivyo, unamgeukia pia aliyewaambia waandamanaji kwamba mstari wa 25 umemaliza kesi. Paulo hakusema lolote kuhusu nani apewe leseni ya machinjio, nani aajiriwe humo, au kama desturi ya kuhurumiana inaweza kugeuzwa amri ya upande mmoja. Hayo ni maswali ya haki za raia. Yana mahali pake katika ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inayolinda uhuru wa imani, katika kanuni za afya na katika vikao vya halmashauri. Waliodai usawa mwaka 2013 walikuwa na dai linaloweza kujadiliwa. Kosa lilikuwa kulivisha dai hilo mstari. Dai la kiraia lina nafasi ya mapatano: watu wanaweza kupeana zamu, kujenga machinjio mawili, kuweka alama kwenye mabucha. Likishaitwa agizo la Mungu, anayekubali nusu anaonekana amemkana Bwana, na hakuna mzee wa mtaa anayeweza kukaa katikati.

(Kuna kosa la upande mwingine ambalo halifiki kwenye vyombo vya habari kwa kuwa halileti mabomu ya machozi. Anayeagiza kitimoto makusudi mbele ya jirani yake Msabato ili amwoneshe kwamba yeye yuko huru angefaidika zaidi na sura ya 8 kuliko sura ya 10.)

Siku ambayo Paulo hakukwepa

Atakayepinga hoja hii ana silaha nzuri, nami naitaja kabla yake. Mtume anayetukataza mabishano alibishana. Katika Galatia 2 anasimulia jinsi alivyompinga Petro uso kwa uso huko Antiokia, hadharani, na jambo lenyewe lilihusu chakula: Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa, kisha walipofika watu kutoka kwa Yakobo akajitenga. Matendo 15 inaanza na mashindano makubwa juu ya tohara, na inaisha na Paulo na Barnaba kuachana kwa ukali kwa ajili ya Yohana Marko. Kama kukwepa ugomvi ndiyo sheria, mwenye sheria aliivunja mapema.

Jibu la haraka ni kwamba Antiokia lilikuwa jambo la msingi na Korintho jambo dogo. Jibu hilo halinitoshelezi, kwa sababu kila mbishi duniani anaamini kwamba jambo lake ndilo la msingi. Tukiyaweka mafungu haya mawili pamoja na Warumi 14 tunapata kipimo kilicho wazi zaidi. Antiokia, watu walikuwa wakiondolewa mezani: Mkristo wa Mataifa aliambiwa kwa vitendo kwamba hafai kula na wenzake mpaka awe Myahudi. Korintho na Rumi, wote walikuwa bado mezani, wakitofautiana juu ya kilicho kwenye sahani na juu ya siku ya kuheshimu. Palipofungwa mlango Paulo alipaza sauti. Palipokuwa wazi aliacha kila mtu athibitike katika akili yake mwenyewe, akamkataza mwenye nguvu kumdharau dhaifu, na dhaifu kumhukumu mwenye nguvu.

Kwa kipimo hicho, ubishi wa Jumamosi na Jumapili unaoendeshwa kwa vipaza sauti kwenye mikutano ya injili uko chini ya Warumi 14. Lakini kanisa linapokataa kumzika marehemu kwa sababu hakumaliza michango, au linapomtenga mjane kwa sababu amerudi kwenye kanisa la wazazi wake, hapo mlango umefungwa, na anayenyamaza kwa jina la amani amekaa upande wa Petro siku ile.

Mwaka 1914 ulivyosomwa

Ukanda huu umewahi kugawanyika juu ya Biblia kwa kiwango kikubwa kuliko tunavyokumbuka. Mwaka 1908 na 1909, magharibi mwa Ziwa Nyasa, Elliot Kamwana, aliyesoma katika misheni ya Kiskoti ya Livingstonia, alibatiza maelfu ya Watonga akitangaza kwamba Kristo atarudi mwaka 1914. Tarehe hiyo haikutoka kichwani mwake. Ilitoka kwenye vitabu vya Mmarekani Charles Taze Russell, ambavyo Kamwana alivifahamu kupitia mmisionari Joseph Booth. Russell alizichukua nyakati saba za Danieli 4, akazigeuza kuwa miaka 2,520, akaanza kuhesabu mwaka aliouchagua, akafika 1914. Ni usomaji wa mshonaji anayekata kitambaa kwa vazi alilokwisha kulichora: kila kipande ni cha kweli, umbo ni lake. Danieli 4 inasimulia mfalme aliyeadhibiwa kwa kiburi chake hadi akajua kwamba Aliye juu ndiye anayetawala. Anayeisoma sura nzima kwa sauti atashangaa kuona hesabu ya miaka imeingilia wapi.

Serikali ya kikoloni ilimhamisha Kamwana kwa nguvu mwaka 1909, lakini wafuasi hawakuisha. Vita Kuu ilipopita hapa, ikichukua watu kwa maelfu kubeba mizigo ya majeshi, na kazi za misheni zikivurugika pande zote mbili za mpaka, wahubiri wa Watch Tower, harakati iliyofuata mafundisho ya Russell, walijitokeza katika maeneo ya Fife na Abercorn, yaani ng'ambo tu ya Tunduma ya leo. Aliyejulikana kuliko wote ni Hanoc Sindano. Walihubiri mwisho wa dunia na kuwakataa watawala, wazungu na machifu. Jenerali wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake hukohuko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Kwa watu waliokuwa wamebeba mizigo ya vita hivyo, habari kwamba dunia ya zamani inakwisha haikuhitaji uthibitisho mwingi. Wahubiri walikamatwa mwanzoni mwa 1919.

Ni rahisi kuishia hapo na kusema: hawa ndio waliopotosha Maandiko. Karen Fields, katika kitabu chake cha 1985 juu ya Watch Tower katika Afrika ya Kati, na John McCracken, katika utafiti wake wa 1977 juu ya Livingstonia, wanatuonesha upande tusiopenda kuutazama. Misheni iliwaweka watu katika mafundisho kwa miaka kabla ya kuwabatiza, na ilitoza ada za shule. Kamwana alibatiza papo hapo. Watu waliouliza kwa nini towashi wa Kushi katika Matendo 8 alibatizwa siku ileile, nao wanasubiri mwaka wa tatu, walikuwa na swali la haki kabisa, tena la msomaji makini. Walijibiwa kwa nidhamu ya kanisa, na baadaye kwa jela. Mimi nadhani hesabu ya 1914 ilipata wasikilizaji wengi kwa sababu swali dogo na la kweli lilikuwa limekosa wa kulijibu. Mtu aliyenyimwa jibu kwenye jambo analolielewa huwa mwepesi kupokea jibu kwenye jambo asiloweza kulipima.

Mnyama wa Ufunuo huko Herrnhut

Kanisa la Moravian lilifika Rungwe mwaka 1891 na Mbozi mwaka 1899, na ndilo lililotia mizizi mirefu kuliko mengine katika nchi ya Wanyiha. Historia yake lenyewe ina somo ambalo wahubiri wake wa leo hawalitumii vya kutosha. Wakimbizi kutoka Moravia waliojenga kijiji cha Herrnhut mwaka 1722, katika shamba la Mtukufu Zinzendorf huko Saksonia, waligombana vibaya ndani ya miaka mitano. Walutheri, Wareformed na warithi wa kanisa la zamani la Ndugu walivutana juu ya liturjia na meza ya Bwana. Mtu mmoja, Krüger, alitangaza kwamba Zinzendorf ndiye yule mnyama wa Ufunuo, na kwamba mchungaji Rothe ndiye nabii wa uongo. Wapo waliomwamini.

Zinzendorf angeweza kuwafukuza, kwa kuwa ardhi ilikuwa yake. Aliacha kazi zake za mjini Dresden, akahamia karibu nao, akapita nyumba kwa nyumba akizungumza nao, na tarehe 12 Mei 1727 wakakubaliana masharti ya kuishi pamoja. Waligawanyika katika vikundi vidogo vya kusoma, kuomba na kuulizana hali. Tarehe 13 Agosti mwaka huo walishiriki meza ya Bwana pamoja, na Wamoravian popote walipo huikumbuka siku hiyo kama kuzaliwa upya kwa kanisa lao. Mambo yaliyowatenganisha hayakuamuliwa yote. Walioketi mezani siku ile walikuwa bado wanatofautiana.

Mwaka uliofuata Zinzendorf alianza kuwapa andiko la kila siku, na kuanzia 1731 maandiko hayo yamechapishwa mfululizo. Desturi hiyo inapendwa, nami sina sababu ya kuidharau: imewapa mamilioni ya watu neno la kuamkia. Lakini haina budi kusemwa kwamba mstari mmoja uliochaguliwa kwa kura ni chakula cha asubuhi. Mtu aliyelelewa kwa mistari pekee hufikiri Biblia ni mkusanyiko wa mistari. Simu imelizidisha jambo hili, maana sasa mstari unafika ukiwa na picha ya machweo na jina la mtumishi, umekatwa sura yake kabisa.

Huko Mbozi, Traugott Bachmann alichukua njia ya polepole. Alijifunza Kinyiha kwa miaka, akalifasiri Agano Jipya kwa lugha hiyo kabla ya vita vya 1914, na kadiri alivyoketi na wazee wa Kinyiha ndivyo alivyobadili mawazo yake juu ya desturi alizokuja akiziita za kipagani. Marcia Wright, katika kitabu chake cha 1971 kuhusu misheni za Kijerumani za nyanda za juu kusini, anamweka Bachmann kando na wenzake wengi kwa sababu hiyo. Mfasiri halazimiki kuwa mpole, lakini hawezi kuruka sura. Lazima apite kwenye kila mstari, pamoja na ile isiyomsaidia, tena akiwa na mtu wa kumwuliza.

Ugomvi usiohusu Neno

Itakuwa udanganyifu kusema kwamba tukisoma vizuri magomvi ya kanisa yatakwisha. Mengi hayakuanza kwenye Maandiko. Dayosisi ya Konde ya kanisa la Kilutheri (KKKT) ilipogawanyika hadi askofu wake akaondolewa mwaka 2022, kiini cha mvutano kilikuwa makao makuu, yabaki Tukuyu au yahamie Mbeya. Hakuna aliyehitaji Kigiriki kulielewa hilo. Magomvi ya ardhi ya kanisa, akaunti ya benki, uhamisho wa mchungaji na kabila la mwenyekiti yako hivyohivyo.

Hata katika hayo mistari huitwa kuja kushuhudia, na hapo usomaji makini una kazi ndogo lakini ya lazima, nayo ni kukataa ushahidi huo. Anayesema msimguse mpakwa mafuta wa Bwana wakati kamati inaomba taarifa ya mapato na matumizi anaweza kuelekezwa kwenye Zaburi 105 yenyewe, ambako maneno hayo yanawahusu mababu wa Israeli waliokuwa wageni wachache wasio na nchi, wakilindwa dhidi ya wafalme. Zaburi hiyo haimjui mweka hazina. Swali la fedha likirudishwa kwenye fedha, huwa na mwisho.

Tito 3 katika mikono ya viongozi

Hatari inayobaki ni ile ya agizo lenyewe la kukwepa mabishano kugeuzwa rungu. Tito 3:9 inakataza maswali ya upuuzi, nasaba na magomvi ya sheria, na mstari wa 10 unaagiza mtu mwenye kuzusha utengano aonywe mara ya kwanza na ya pili, kisha akataliwe. Nimeona jinsi fungu hili linavyotumika kwa muumini aliyeuliza kwa adabu tu kwa nini mafuta ya upako yanauzwa. Anaitwa mwasi, kikao kinafanyika bila yeye, na onyo la kwanza linakuwa tangazo la kufukuzwa.

Fungu halimruhusu kiongozi kufanya hivyo. Maonyo mawili yana maana kwamba mtu amesikilizwa mara mbili. Na 2 Timotheo 2:24 na 25 inaweka mzigo upande wa pili kabisa: mtumwa wa Bwana ndiye asiyepaswa kugombana, awe mwanana kwa watu wote, ajuaye kufundisha, mvumilivu, akiwaonya wabishi kwa upole. Sharti la kutokubishana ameandikiwa kwanza mwenye mimbari. Himenayo na Fileto, waliotajwa kwa majina katika mstari wa 17, walikuwa walimu waliosema ufufuo umekwisha kuwapo. Hawakuwa waumini wenye maswali. Watu wa Beroya, katika Matendo 17:11, waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo, na Luka anawaita waungwana.

Kinachowezekana Chapwa si kikubwa. Ibada za nyumba kwa nyumba na jumuiya ndogondogo zipo tayari, zina viti, chai na watu. Kwa kawaida kiongozi husoma mistari mitano, anafafanua, watu wanashuhudia, wanaomba, wanaondoka. Sura za 8, 9 na 10 za Wakorintho wa Kwanza zina mistari 73. Kuzisoma zote kwa sauti hakuzidi robo saa, hata kwa msomaji wa pole, na asiyejua kusoma anasikia sawa na mwenye shahada. Wiki ya kwanza zisomwe tu, na kila mtu aseme amesikia nini na nani anazungumza na nani. Atakayetoa mstari wa mahali pengine aombwe ausubirishe. Wiki ya pili ndipo liwekwe swali la buchani. Mtu aliyesikia sura tatu mfululizo huona mwenyewe mstari unapohamishwa, hahitaji mchungaji wa kumwambia.

Pingamizi kubwa nililosikia dhidi ya utaratibu huu ni kwamba ukiwaachia watu sura nzima watazaa mafundisho mapya, na ukanda huu umeshaona ya 1919. Naliheshimu pingamizi hilo, lakini kumbukumbu za 1919 zinaelekeza kwingine: waliofuata hesabu ya Danieli hawakuwa wameachiwa sura nzima, walikuwa wamepewa hesabu iliyokwisha kufanywa na mtu mwingine, nao hawakuwa na pa kuuliza. Vyuo vyetu vya Biblia vinavyofundisha wainjilisti wa mpakani vina somo la kuhubiri na somo la historia ya kanisa. Kipindi cha kumfundisha mwinjilisti namna ya kuongoza kikao ambamo anaulizwa swali asilolijua, akasema hajui, akalichukua na kulirudisha wiki inayofuata na sura yake, kingeweza kuingizwa humo bila kuongeza mwaka wa masomo.